Jiwe Halitaki Bandu Bandu

Huwezi kupita shule ya Tanzania bila kukutana na Zama za Mawe. Zinjanthropus, 1959, Bonde la Oldupai, Dk. Leakey na mkewe, shoka la mkono, Zama za Kale, za Kati, za Mwisho. Tunakariri, tunajibu mtihani, tunahamia mada nyingine. Mimi niliendelea kuyasema hayo hata baada ya shule, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha: naongoza watalii kutoka Arusha, na barabara ya kwenda Serengeti inapita jirani na bonde lenyewe. Nimesimama pale juu na wageni mara nyingi, nikiwaonyesha tabaka za udongo zilivyopangana na kile kilima chekundu kilichosalia katikati, nikieleza kwamba karibu miaka milioni 2 iliyopita palikuwa na ziwa hapa, na kando yake waliishi viumbe waliokuwa wakipasua mawe.

Yalikuwa maneno sahihi, lakini yalikuwa ya mdomoni. Nilianza kuyaelewa nilipoanza kupasua mawe mwenyewe, nyakati za masika wageni wanapoadimika. Tangu hapo nina ubishi mmoja na vile vitabu nilivyosomea. Viliziita zana hizi duni. Si duni hata kidogo, na anayeziita hivyo hajawahi kukaa chini akajaribu kutengeneza moja.

Mwalimu wangu wa kwanza hajawahi kufika Oldupai. Ni mama anayegonga kokoto upande wa Moshono, chini ya kivuli cha turubai, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto. Kila aliyejenga Arusha amepita kwa watu kama yeye. Mawe yanashushwa kwenye gari, wao wanayapunguza kwa nyundo mpaka yafae kuchanganywa kwenye zege, kisha wanayauza kwa ndoo. Nilikwenda kwake kwa sababu nilihitaji mtu anayeyajua mawe ya hapa, na sikuona sababu ya kuanzia kwenye video za watu wa ng'ambo wakati mjini kwetu kuna watu wanaoshinda na jiwe mkononi toka asubuhi hadi jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ndoo ngapi?"

Nilipomweleza kwamba nataka kujua jiwe linavyopasuka, alinitazama kidogo, akapindua ndoo moja tupu nikakalia. Akachukua jiwe, akaligusa kwa nyundo bila kulipasua. Likatoa mlio mkavu, mrefu. Akachukua la pili, likatoa sauti iliyofifia palepale.

"Umesikia? Lile zima. Hili bovu, lina ufa ndani. Ukiligonga litakwenda linakotaka lenyewe."

Halafu akanisogezea rundo nilichambue kwa sikio tu, macho nikiwa nimefumba. Nilikaa pale hadi mchana. Kila nilipotenga jiwe aliligonga mbele yangu ili nione kama sikio langu limesema kweli, na pale ambapo ufa ulionekana ndani ya jiwe nililolisifu hakucheka, alinipa jingine tu. Baadaye nilisoma kwamba wachongaji wa mawe duniani kote huanza hivyohivyo, kwa kugonga na kusikiliza. Mama yule hakulisoma popote. Mkono wake unataka jiwe linalotii, maana jiwe bovu hurusha vipande usoni.

Arusha imekaa juu ya mawe ya Mlima Meru, na Meru ni volkano. Mawe yake mengi hayafai kuchongwa, mengine yana vitundu vya mapovu ya gesi, mengine yana fuwele kubwa zinazoonekana kwa macho, na kila fuwele ni mahali ambapo nguvu ya pigo inapotea njia. Unalotafuta ni lava ya chembe ndogo sana, nzito, yenye rangi moja ukilivunja. Mlimani kwetu kuna aina ambayo wanajiolojia huiita fonolaiti, na jiwe hilo likiwa zima hulia waziwazi ukiligonga. Fonolaiti hiyohiyo inapatikana Engelosin, kilima kilicho kaskazini mwa Bonde la Oldupai, na wachongaji wa kale waliijua na kuitumia. Nilifurahi sana nilipogundua kwamba sikio alilonifundishia yule mama lingenifaa huko pia, kwa jiwe la aina ileile.

Mwalimu wa pili ni kijana aliyesomea akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sasa anaishi hapa mjini. Yeye ndiye aliyenionyesha kinachotokea ndani ya jiwe, na ningependa kukieleza polepole, kwa sababu ndipo utamu wa kazi hii ulipo.

Mbao ina nyuzi, na fundi seremala huzifuata. Jiwe zuri halina nyuzi. Ukiligonga mahali pamoja, nguvu inaingia na kutanuka kuelekea chini kwa umbo la pia, mfano wa faneli iliyopinduliwa. Ukigonga katikati ya jiwe kubwa, pia hiyo inabaki ndani na hupati kitu zaidi ya alama. Ukigonga karibu na ukingo, upande mmoja wa pia unakosa jiwe la kuushikilia, na hapo kinachomoka kipande chembamba chenye makali kuzunguka pande zake. Nakiita kibanzi. Jiwe kinakotoka nimezoea kuliita jiwe mama. Kigeuze kibanzi utazame tumbo lake: karibu na mahali pigo lilipotua kuna uvimbe mdogo, na kutoka hapo yanatawanyika mawimbi hafifu unayoweza kuyahisi kwa ncha ya kidole. Mwanaakiolojia akiokota kipande porini, hizo ni miongoni mwa alama anazotafuta ili kujua kama kilipasuliwa na mkono au na jua na mafuriko.

Lakini ukingo wowote hautoshi. Pembe kati ya uso unaougonga na uso ambako kibanzi kitatokea lazima iwe chini ya nyuzi 90. Ikizidi hapo, nguvu inazama ndani ya jiwe na hakuna kinachotoka. Sasa nenda Mto Themi uokote jiwe la mviringo lililosuguliwa na maji: halina pembe hata moja inayofaa. Utalianzia wapi? Hilo ndilo fumbo la kwanza, na lilikuwa fumbo lilelile kwa aliyekaa kando ya ziwa la Oldupai. Majibu yapo. Unatafuta jiwe ambalo maji yameliacha na upande mmoja bapa, au unaliweka juu ya jiwe jingine kubwa na kulipiga kutoka juu lipasuke vipande viwili, na kuanzia hapo una nyuso bapa za kugongea. Njia zote mbili zinaonekana kwenye mawe ya Oldupai yenyewe. Yaani kabla hata ya kupata kisu cha kwanza, mtu yule alishatazama jiwe la duara na kuona ndani yake pembe ambazo bado hazipo.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kwa gogo ni kweli. Kwa jiwe ni njia ya hakika ya kuliharibu. Ukiligonga ukingo kwa woga, pigo dogo baada ya pigo dogo, ukingo unasagika, vibanzi vinakatikia njiani na kuacha vingazi vifupi usoni mwa jiwe, na kila kingazi kinazuia kibanzi kinachofuata. Muda si mrefu jiwe limekuwa donge butu lisilotoa kitu. Jiwe linataka pigo moja lililofikiriwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kimya: unalizungusha mkononi, unatafuta mgongo ulioachwa na vibanzi vilivyotangulia, maana kibanzi hupenda kufuata mgongo; unausugua ukingo kwa jiwe lenye mikwaruzo mpaka usiwe mwembamba kiasi cha kupondeka; unapima kwa jicho umbali wa milimita chache kutoka ukingoni; ndipo unapiga, na mkono unapita moja kwa moja bila kusita. Ukisita, kibanzi kinakatika. Nakwambia hivi kwa sababu watu wakinikuta nikifanya kazi hii hudhani ni nguvu. Yule mama wa Moshono ana mkono mwembamba kuliko wangu na anapasua mawe ambayo mimi nayaacha.

Kuna jambo nililoliona vibaya kabisa nilipokuwa naangalia makabati ya makumbusho, na nadhani wageni wangu wengi bado wanaliona hivyo. Macho huenda kwenye jiwe kubwa. Mary Leakey alipochapisha mwaka 1971 kazi yake kubwa juu ya tabaka za chini za Oldupai, aliyapanga mawe yale kwa aina nyingi, na majina ya aina hizo yaliingia vitabuni kama majina ya zana. Miaka ya 1980 Nicholas Toth, ambaye alikaa akazitengeneza kwa mikono yake, alionyesha kwamba mengi ya yale mawe makubwa ni mabaki tu: ndivyo jiwe mama linavyobaki baada ya kuchomolewa vibanzi. Visu vyenyewe vilikuwa vibanzi, vile vipande vidogo vinavyolala pembeni ya kabati bila mtu kuvitazama.

Hili ukilisoma unalikubali. Ukilifanya, unalijua. Baada ya saa moja ya kazi, jiwe mama mkononi mwako ni zito na halikati kitu cha maana, lakini chini kwenye turubai kuna makali ya kuchunia mnyama mzima. Siku hizi nikiwa na wageni Oldupai naanza na kile kidogo. Namwomba kila mmoja akitazame vizuri, kisha ndipo naonyesha kikubwa.

Kuhusu kuchuna, tulilijaribu. Kulikuwa na shughuli ya familia Ngaramtoni na mbuzi amechinjwa kwa kisu kama kawaida. Nilimwomba mjomba aniachie upande mmoja wa ngozi niuchune kwa vibanzi nilivyotengeneza kwa lava ya Meru.

"Mjomba, mbuzi huyu ni wa watu," aliniambia. "Ngozi ikitoboka utaieleza wewe."

Haikutoboka. Kibanzi kipya hukata utando ulio kati ya ngozi na nyama bila kukokota, na kwa sababu ni kifupi unakishika kwa vidole vitatu na kuhisi hasa kilipo. Kinachosumbua ni mafuta. Yanaganda ukingoni, yanafunika makali, na vidole vinateleza, kwa hiyo unafuta, unaendelea, na kikichoka unakiweka chini na kuchukua kingine. Kwenye maungio nilitafuta kizito zaidi, chenye mgongo mnene wa kukandamizia kidole. Mjomba alisimama akitazama, kisha akanyoosha mkono bila kusema, nikampa. Mguu wa nyuma aliumaliza yeye. Alisema kinakata vizuri ila kingehitaji mpini, na hapo akawa amefikia peke yake hitaji ambalo binadamu walilijibu baadaye sana, katika Zama za Mawe za Kati, walipoanza kufunga jiwe kwenye mti kwa gundi na kamba. Louis Leakey mwenyewe alijifundisha kuchonga mawe na alizoea kuwaonyesha watu jinsi ya kuchuna mnyama kwa zana aliyoitengeneza mbele yao. Peter Jones, aliyefanya kazi na Mary, alilifanya hilo kwa uangalifu zaidi, akitumia mawe ya aina zilezile za Oldupai na kulinganisha kila jiwe linavyofanya kazi. Nimewaelewa wote wawili vizuri zaidi tangu siku ya mbuzi yule.

Mawe ya Oldupai yanastahili neno lake, kwa sababu yanasema mengi juu ya waliochagua. Mto ulileta mawe ya lava kutoka milima ya volkano iliyo jirani, kama Lemagrut. Kilomita chache kutoka bondeni kuna Naibor Soit, vilima vya kwatzaiti nyeupe inayometa. Kwatzaiti hupasuka kwa ukaidi, haikupi kibanzi kirefu laini, lakini makali yake yana meno na inakata vikali. Wachongaji hawakuokota jiwe lolote lililokuwa karibu. Waliibeba kwatzaiti kutoka vilimani, na wakatumia lava ya mviringo kwa nyundo. Eneo la Ewass Oldupa, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, linaonyesha uchaguzi wa mawe miaka milioni 2 iliyopita. Anayetembea kilomita kadhaa kufuata jiwe bora ana picha kichwani ya kazi anayokwenda kuifanya.

Nani alikuwa mchongaji? Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa mgonjwa kambini, na Mary ndiye aliyekwenda bondeni akaliona fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75. Mwanzoni walidhani ndiye mwenye zana. Mwaka uliofuata ikapatikana mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi, na miongoni mwake mifupa ya mkono. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakamwita Homo habilis. Nikiwa na jiwe mkononi huwa naufikiria mkono ule kuliko fuvu. Kushika nyundo ya jiwe na jiwe mama kwa pamoja hakuchoshi bega. Huchosha kidole gumba.

Na Oldupai si mwanzo wa kila kitu, ingawa tulifundishwa hivyo. Zana za aina ya Oldowan, zilizopewa jina la bonde letu, zimepatikana Ethiopia zikiwa na umri wa takribani miaka milioni 2.6, na Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna mawe yaliyopasuliwa miaka milioni 3.3 iliyopita. Nawaambia wageni hivyo bila kusita. Bonde letu halipungukiwi chochote. Mahali ambapo unaweza kutazama karibu miaka milioni 2 ya kazi ya mikono katika ukuta mmoja wa udongo ni pachache mno duniani.

Baada ya lava nilitaka kujaribu kioo cha volkano, kwa sababu ndicho kinachopasuka kwa utii kuliko vyote. Karibu na Arusha sikupata kinachofaa. Watu wa kale nao walikuwa na shida hiyo. Kwenye pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, kulipatikana vipande vya kioo cha volkano ambavyo asili yake ni Bonde la Ufa la kati nchini Kenya, zaidi ya kilomita 300. Ama walitembea, ama jiwe lilipita mkono hadi mkono kati ya watu waliojuana. Mimi nilikwenda kwenye vitako vya chupa za bia. Kioo ni kioo, na kitako kinene cha chupa ya kahawia kinakufundisha kazi nyingine kabisa, ya kukandamiza badala ya kugonga. Unaegemeza ncha ya mfupa kwenye ukingo, unasukuma ndani kwa uzito wa mwili, kisha unashusha, na kijibanzi kidogo kinaruka. Ufundi huu wa kukandamiza umeonekana katika pango la Blombos, Afrika Kusini, miaka 75,000 hivi iliyopita. Ngozi nene juu ya paja ni lazima, na miwani ya kazi ni lazima zaidi.

Kuna kikwazo nilichokutana nacho kwenye maelezo mengi ya ng'ambo: yote yanataka pembe ya kulungu wa huko kwao kwa ajili ya nyundo laini, yaani nyundo isiyo ngumu kama jiwe. Hapa hatuna. Pembe za ng'ombe na swala ni ganda juu ya mfupa, hazina uzito unaotakiwa. Jibu lilikuwa mjini. Wachonga vinyago wana vipande vya mpingo wanavyovitupa, na kipande cha mpingo kilicholingana na kiganja ni nyundo ya ajabu. Hakiupondi ukingo wa jiwe, kinaung'ata na kuvuta kibanzi kirefu chembamba, ambacho ndicho unachohitaji ukitaka kulipunguza jiwe unene bila kulipunguza upana. Mfupa wa paja la ng'ombe nao unafaa. Mwaka 2025 timu ya Ignacio de la Torre ilitangaza kwamba Oldupai kulikuwa na vipande 27 vya mifupa, mingi ya tembo na viboko, vilivyochongwa kwa mpangilio miaka milioni 1.5 iliyopita, kwa mapigo yaleyale ya kuchongea jiwe. Waliyajua mawe kiasi kwamba wakahamishia ujuzi ule kwenye mfupa. Sina neno la kutosha la kuwasifu.

Katika picha za vitabuni mchongaji ni mwanamume mwenye ndevu, amechutama peke yake. Ningependa picha ile ibadilishwe. Huko Konso, kusini mwa Ethiopia, wanawake wamechonga mawe ya kukwangulia ngozi hadi katika zama zetu hizi. Wao ndio wanaochagua jiwe, wanaolipasua, na wanaowafundisha binti zao kwa miaka. Kwangu mimi hilo halikuwa jambo geni, maana niliyemkuta akijua mawe alikuwa mama, na wenzake waliomzunguka pale Moshono wengi wao ni wanawake.

Kuhusu kufundisha kuna jaribio ninalolipenda. Mwaka 2015 Thomas Morgan na wenzake walichapisha matokeo ya watu 184 waliojifunza kuchomoa vibanzi kwa njia 5. Wengine waliachiwa mfano wa vibanzi wapambane wenyewe, wengine walitazama tu, na wengine walifundishwa, wakiwemo walioelekezwa kwa ishara na wale walioruhusiwa kuzungumza na mwalimu. Kutazama tu hakukusaidia sana. Kufundishwa kulisaidia, na maneno yalisaidia kuliko vyote. Watafiti wakaona kwamba huenda kazi ya mawe ndiyo iliyowasukuma wazee wetu kuelekea lugha. Nalikubali kwa uzoefu. Nilipotazama mkono wa mama yule niliona nyundo inapanda na kushuka. Alipofungua mdomo akasema "usiliangalie jiwe zima, liangalie pale unapotaka litoke," mkono wangu ukabadilika siku ileile.

Yapo mambo ambayo naomba kila atakayejaribu ayazingatie, na hapa nasema kwa msisitizo. Vumbi la mawe linaua polepole. Kwatzaiti na mawe mengine yenye silika nyingi, yale madini yaliyojaa kwenye mchanga, ndiyo mabaya zaidi. Ugonjwa wa mapafu wanaouogopa wachimbaji wa Mirerani unatokana na vumbi la namna hiyo. Fanya kazi nje, upepo ukitokea mgongoni, usifagie pakavu, vaa barakoa inayoziba kweli. Macho hayana spea. Inaniuma kuona wagonga kokoto wengi wakifanya kazi bila miwani, wakati kila siku ya kazi yao vipande huruka usoni mara zisizohesabika. Anayenunua kokoto kwa ajili ya nyumba nzima anaweza kuongeza miwani kwenye hesabu yake.

La pili ni mabaki. Kazi ya saa moja huacha mamia ya vipande, na vipande hivyo havitofautiani na vya kale mpaka mtaalamu avichunguze. Ukivitawanya porini, hasa kwenye mkoa wetu huu, unamdanganya mwanaakiolojia wa kesho. Natandika turubai kila mara, nakusanya hata unga, na ninapovifukia naweka sarafu yenye mwaka ndani ya shimo. Zana ninazozihifadhi naziandika tarehe. Bondeni kwenyewe sipasui chochote na siokoti chochote. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na mgeni anayetaka kutia kibanzi mfukoni "kwa ukumbusho" namzuia bila kuona haya, hata kama amelipia safari ghali. Kibanzi kilichoondolewa mahali pake kimepoteza nusu ya habari zake.

Watoto wa mtaani kwangu hukusanyika wanaposikia mlio wa mawe. Wenye umri wa kutosha nawapa miwani na glovu, na nawapa jiwe lililokwisha kufunguliwa, lenye pembe tayari. Mtoto anapochomoa kibanzi chake cha kwanza na kukata nacho chungwa, hana tena swali kwamba watu wa kale walikuwa na akili au la. Anauliza mambo mengine: walipataje jiwe, nani aliwafundisha, walibebaje. Hayo ndiyo maswali ninayotamani yaulizwe darasani, na gharama yake ni mawe, usimamizi na miwani michache. Shule za Arusha zimezungukwa na mawe. Wagonga kokoto wapo, wanaakiolojia wetu wapo, Makumbusho ya Elimu Viumbe yapo pale Boma katikati ya mji. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakalisha pamoja mchana mmoja, na nimeanza kuzungumza na walimu wawili watatu ninaowafahamu.

Mimi mwenyewe sasa niko kwenye shoka la mkono, na hapo ndipo heshima yangu kwa wale wazee imepanda zaidi. Oldupai mashoka hayo yanaanza takribani miaka milioni 1.7 iliyopita. Huko Isimila, karibu na Iringa, yalipatikana mwaka 1951 yakiwa yametapakaa korongoni, mengine makubwa hata huelewi yalishikwaje. Shoka lina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo kila pigo upande huu lazima liangalie litakachoacha upande ule. Langu linakuwa nene katikati. Yule kijana wa akiolojia ameniambia sababu: naanza na jiwe la mtoni zima, wakati wachongaji wengi wa Afrika Mashariki walianza na kibanzi kikubwa mno kilichochomolewa kwenye jabali, ambacho tayari ni chembamba, wakabaki kukipa umbo tu. Kuchomoa kibanzi cha ukubwa huo kunahitaji nyundo ya jiwe ya kuinuliwa kwa mikono miwili na mtu wa pili wa kulishikilia jabali lisiyumbe. Nilipomweleza mama wa Moshono alisema kule machimboni kuna jabali moja ambalo wenzake wamelikwepa kwa sababu ni gumu, na likigongwa linalia. Masika hii tutakwenda kulisikiliza, yeye, mwanawe na mimi.